Ulikuwa Unamaanisha Mbagala?

Naanza na kisa kidogo. Siku moja niliketi kwenye kompyuta nikaandika jina la kwetu: Mbangala. Ni huku Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mtambo wa kutafutia habari ukanijibu kwa upole wa karani: eti, ulikuwa unamaanisha Mbagala? Halafu ukanimwagia daladala, viwanja na nyumba za kupanga za Dar es Salaam. Nikacheka. Baadaye sikucheka tena.

Nikajaribu jambo la pili. Nilitafuta "kufinyanga", zikaja kurasa chache. Nikatafuta "anayefinyanga", zikaja nyingine kabisa, kana kwamba kazi na mwenye kazi hawajawahi kuonana!

Kasoro iko wapi? Kiingereza hubadilisha neno mkiani. Kiswahili, bwana, hubadilika kuanzia kichwani: anafinyanga, walifinyanga, hatutafinyanga, kilichofinyangwa. Asiyejua kuvivua viambishi hivyo hauoni mzizi. Watungaji wa Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 walilijua hilo, ndiyo maana huwezi kulikuta "walisoma" kwenye herufi W. Huko Ufini, katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Arvi Hurskainen alianza tangu miaka ya 1980 kuifundisha kompyuta kuchambua maneno yetu. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba haiwezekani.

Wairani nao walikuwa na kero zao. Kifarsi huandikwa kwa hati ya Kiarabu, lakini herufi kama kaf na ye zina sura mbili ndani ya kompyuta, ya Kiarabu na ya Kifarsi. Kwa macho ni neno lile lile, kwa mtambo usiofundishwa ni maneno mawili. Basi wakajenga mitambo yao: Parsijoo, iliyotoka Chuo Kikuu cha Yazd, na Yooz, yaani duma, iliyozinduliwa mwaka 2015.

Je, nasi tuige? Hapa nasita. Iran ni nchi iliyozifunga Facebook na Twitter mwaka 2009. Mtambo wa nyumbani katika mikono ya namna hiyo unaweza kuwa taa, unaweza pia kuwa uzio. Anayekutafutia ndiye anayeamua usione nini. Mimi nataka mtambo unaokijua Kiswahili. Sitaki unaonichagulia Kiswahili cha kusoma. Wanaodhani kwamba bendera juu ya mtambo inatosha hawajalifikiri jambo hili vizuri.

Lakini kuna la kuuma zaidi, nalo linatuhusu sisi tunaojiita waandishi chipukizi. Tuseme mtambo huo umejengwa kesho, unajua mizizi yote na viambishi vyote. Nikiandika Mbangala, utaniletea nini? Mtambo hauvuni pasipolimwa.

Nilirudi nyumbani nikafungua daftari langu la hadithi. Zipo tisa. Saba zinatokea Dar es Salaam, mji nilioufahamu zaidi kwa kusoma vitabu vya wenzangu. Mbili zinatokea kijiji kisicho na jina. Kumbe hata mimi, kila kalamu ilipotaka kuandika Mbangala, niliiuliza: ulikuwa unamaanisha Mbagala? Na kalamu ikaitikia ndiyo.

Kwa hiyo hukumu yangu ina pande mbili. Wataalamu wetu wa kompyuta na wa isimu wakae meza moja, wajenge mtambo unaoisoma lugha hii kama inavyosemwa, na wasiiachie serikali wala kampuni peke yake ufunguo wake. Nasi tuandike majina ya kwetu bila kuyaonea haya: vilima, visima, mashimo ya dhahabu, mama lishe wa stendi.

Hadithi ya kumi nimeianza jana. Sentensi yake ya kwanza ina neno Mbangala, na sijalisahihisha.