Quake Bila Muziki Wake: Uhakiki Nilioukosea

Muhula uliopita niliwasilisha darasani uhakiki wa gemu ya kompyuta iitwayo Quake, iliyotolewa na id Software mwaka 1996. Hoja yangu kuu ilihusu ukimya. Nilidai kwamba watunzi walikataa kuweka muziki ili mchezaji asikie nyayo zake, upepo wa ngomeni na mngurumo wa adui aliye nyuma ya ukuta, na kwamba hofu yote ya gemu hiyo inatokana na uamuzi huo. Nilibuni hata istilahi yake, "ukimya wa makusudi". Wenzangu waliipenda. Karatasi yangu ilirudi ikiwa imeandikwa pembeni kwamba hoja ina mashiko.

Haikuwa na mashiko yoyote. CD halisi ya Quake ina vipande kumi vya muziki vilivyotungwa na Trent Reznor na Nine Inch Nails, na masanduku ya misumari ambayo mchezaji huyaokota ndani ya gemu yana nembo ya kundi hilo. Nembo hiyo nilikuwa nimeiona mara nyingi nikaipita. Makala haya ni marekebisho, ila sitaki yawe ya kuomba radhi tu, maana kosa lenyewe si langu peke yangu. Katika somo la fasihi simulizi tunalifanya kila wiki, na tunapewa alama kwa kulifanya.

Kwanza nieleze muziki ulipotelea wapi. Nakala niliyoihakiki niliipata Dzaleka kutoka kwa fundi wa kompyuta tunayemwita Yaya. (Kwetu Kivu yaya ni kaka au dada mkubwa, wasomaji wa Nairobi wasidhani kwamba fundi huyu analea watoto.) Zamani alikuwa na kibanda Area 49, Lilongwe, akitengeneza mashine kuukuu na kujaza gemu kwenye flashi za vijana. Mwaka 2023 serikali ya Malawi ilipoamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, alibeba kilichobebeka: bisibisi, chuma cha kulehemu na diski moja ya kompyuta yenye kila kitu alichokuwa amenakili kwa miaka mingi. Katoni la CD alimwachia jirani. Anayehama hachagui sana. Huchukua kinachoingia mfukoni. Na folda ya Quake iliingia mfukoni bila taabu.

Nilipomsimulia jinsi nilivyousifu ukimya wa gemu yake, alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Mdogo wangu, ile haina kimya. Muziki yake ilibaki ku CD."

Maelezo yake yalikuwa mafupi, nami nilichukua siku kadhaa kuyaelewa. CD ya gemu za miaka ile mara nyingi ilikuwa vitu viwili katika sahani moja. Njia ya kwanza ya sahani ilibeba data, yaani programu yenyewe, picha, ramani na sauti fupifupi za bunduki na milango. Kuanzia njia ya pili ulikuwa muziki wa kawaida kabisa, wa aina ile ile unaochezwa na redio yoyote yenye CD. Sehemu moja ya sahani ina baiti 2,352. Ikiwa ya data, baiti 2,048 tu ndizo za faili, na nyingine hulinda usomaji usikosee. Ikiwa ya muziki, zote ni sauti, na kila sekunde hutumia sehemu 75. Dakika moja inakula zaidi ya megabaiti 10. Kwa kompyuta ya mwaka 1996 huo ulikuwa mzigo usiobebeka kwenye diski yake, ndiyo maana gemu iliacha muziki palepale kwenye sahani na kuiamuru CD izunguke yenyewe.

Kwa hiyo ukinakili folda, unapata faili tu, na muziki wa CD si faili. Ukifungua CD ya nyimbo katika Windows utaona majina kama Track02.cda, kila moja lina baiti 44. Mtu huyanakili majina hayo akidhani amebeba albamu nzima, kumbe amebeba anwani za nyumba bila nyumba. Hata kutengeneza picha ya sahani ya aina ya ISO hakusaidii, kwani hiyo huchukua njia ya data peke yake.

Kwenye mashine nyingi za kuungaunga muziki ulikosekana hata CD ikiwa ndani. Katika kompyuta za zamani palihitajika waya mwembamba kutoka kwenye kisomeo cha CD hadi kwenye kadi ya sauti. Aliyeifungua mashine akasahau kuurudisha waya huo alizima muziki wa gemu zote za nyumba ile, na hakuna ujumbe wowote wa kosa uliotokea kwenye skrini. Gemu iliendelea tu. Hili linanishughulisha kama mhakiki: ukurasa ukichanwa kitabuni, namba za kurasa hukushtaki, lakini hapa pengo halikuacha alama. Tena kwa Quake lilijificha zaidi, kwa kuwa Reznor ndiye aliyetengeneza pia sauti za upepo, vyuma na wanyama zilizobaki katika faili. Nilikuwa nikisikia nusu ya kazi yake nikaisifu kwa kutokuwepo kwa nusu nyingine.

Katoni bado lilikuwapo Area 49, chini ya kitanda cha jirani. CD ya Quake ilikuwa na mikwaruzo, lakini ilisomeka. Kuuhamishia muziki kwenye diski ya kompyuta hakukuwa kazi kubwa. Yaya alitumia programu ya kuvuna nyimbo, akazigeuza kuwa faili za Ogg ili zisijaze diski, akazipa majina kuanzia track02 hadi track11, akaziweka katika folda ya music ndani ya folda ya gemu iitwayo id1. Kisha tuliendesha gemu kwa QuakeSpasm, mojawapo ya injini zilizowezekana kwa sababu id Software iliachia msimbo wa Quake mwaka 1999. Kuna njia nyingine pia. Anayetumia DOSBox anaweza kutengeneza picha ya sahani nzima ya aina ya BIN pamoja na faili la CUE linaloorodhesha njia zake, na gemu itaamini kwamba CD imo ndani. Kwa gemu za Windows ambazo msimbo wake haukuachiwa, watu huweka kando ya programu faili la winmm.dll lililoandikwa upya: gemu ikisema "cheza njia ya nne ya CD", faili hilo linaidaka amri na kucheza wimbo ulioko kwenye diski. Gemu haijui kwamba imedanganywa.

Kinachonivutia ni ile amri yenyewe. Katika Quake, namba ya muziki wa kila ngome imeandikwa ndani ya ramani yake. Ina maana kwamba hata nakala yangu bubu ilikuwa ikiita wimbo kila nilipoingia mlango mpya, ikakosa wa kuitika. Nami niliandika kurasa sita kuhusu uamuzi wa kutoita.

Sasa muziki wenyewe. Nilitarajia magitaa mazito ya kumtia mtu hamasa ya kupigana. Yamo mwanzoni, kisha yanaisha. Sehemu kubwa inayofuata ni minong'ono, pumzi, vyuma vinavyosuguana mbali na sauti nzito za chini zisizo na mdundo wa kufuata. Haumjali mchezaji. Ukiua maadui watano au ukisimama ukutani umeogopa, muziki ni ule ule. Hapa Quake inatofautiana kabisa na Total Annihilation ya mwaka 1997, ambayo muziki wake wa okestra, kazi ya Jeremy Soule, nao ulikaa katika njia za CD, ila uligeuka kulingana na hali: ujenzi una muziki wake na vita vina wake. Ukiicheza Total Annihilation bila CD unapoteza tarumbeta ya vita, yaani taarifa. Katika Quake huambiwi lolote na muziki, na hapo ndipo ninapodhani hofu yake inapokaa. Mahali pale pana uhai wake pasipo wewe. Katika nakala bubu nilijiona mimi ndiye kiini cha kila sauti, kwani karibu kila nilichosikia kilinihusu: hatua zangu, risasi zangu, adui wangu. Kwa hiyo muziki haukuongeza tu ladha juu ya tafsiri yangu ya zamani. Uliipindua.

Lakini siwezi kusema kwamba sasa nimeipata Quake yenyewe. Njia ya CD ilipokwisha, kisomeo kilirudi mwanzo wa wimbo, na katikati palikuwa na sekunde chache za ukimya na mlio mdogo wa sahani kutafuta mahali pake. Kutoka kwenye diski ya kompyuta wimbo unaungana na mwanzo wake bila mwanya. Nilicheza kwa namna zote mbili. Ule mwanya wa CD unatisha: ghafla unabaki na upepo, hujui kama muziki utarudi. Pengine hakuna aliyeukusudia, lakini ulisikika katika kila nyumba iliyokuwa na CD halisi. Ajabu ni kwamba ukimya niliousifu ulikuwapo kweli, kwa sekunde hizo chache, na ni urejeshaji wetu wa muziki ndio ulioufuta.

Yaya alinionyesha jambo jingine, kwa mzaha. Gemu ikiwa tayari imewaka kwa injini ya zamani, alitoa CD ya Quake akaingiza ya rumba ya Kongo. Tulipoingia ngome iliyofuata, gemu iliomba namba yake kama kawaida, na gitaa la solo likaanza kutiririka juu ya maiti na lava. "Gemu inaomba namba tu," alisema, "haiulizi ni ya nani." Vijana waliokuwa kibandani walikataa tuizime. Sijui niiweke wapi katika uhakiki wangu, ila kama ningalazimishwa kuchagua kati ya nakala hiyo na ile bubu, ya rumba iko karibu zaidi na kazi halisi. Angalau kuna kitu kinachocheza bila kukujali.

Nirudi darasani kwetu. Wengi wetu tulimjua Siti binti Saad kwa kusoma Wasifu wa Siti Binti Saad wa Shaaban Robert kabla hatujawahi kusikia sauti yake, ingawa alirekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928. Tunapewa maneno ya nyimbo, tunahesabu vina na mizani, tunachambua fani na maudhui, kisha tunaandika kwamba mtunzi "ametumia takriri ili kusisitiza". Inawezekana. Inawezekana pia kwamba mstari unarudiwa kwa sababu fidla ilihitaji nafasi ya kuitika, au kwa sababu upande mmoja wa santuri ulibeba dakika kama tatu tu na waimbaji walilazimika kupanga upya kile walichokuwa wakikikesha usiku kucha. Matini tuliyo nayo mkononi ni folda iliyonakiliwa. Mahadhi yalibaki kwenye sahani, na karatasi haitoi ujumbe wa kosa.

Mwenzangu mmoja alinipinga vikali niliposema haya. Alisema kazi ya mhakiki ni matini iliyopo mbele yake, na kwamba nakala bubu ya Quake ndiyo Quake ya vijana wengi wa Dzaleka. Kuwaambia wameicheza vibaya ni dharau ya mwenye CD kwa asiye nayo. Hoja hii ina uzito kuliko anavyodhani yeye mwenyewe. Hata toleo la Quake lililouzwa rasmi kwa mtandao kupitia Steam lilikaa miaka mingi bila muziki, hadi lilipotolewa upya mwaka 2021, kwa hiyo ububu haukuwa wa maskini na wanakili tu. Nakubali kwamba tuliyoyahisi yalikuwa ya kweli, na historia ya upokezi wa gemu hii ikiandikwa, kibanda cha Yaya kiwemo. Nisichokikubali ni kuchukua hisia hizo na kuzifanya nia ya mtunzi. Mimi sikuandika "nilisikia ukimya". Niliandika "walichagua ukimya". Kitenzi hicho kimoja ndicho kilichonipa alama nzuri, na sikuwa na ushahidi wake.

Nimeomba niiwasilishe upya kazi ile. Nitakwenda na kompyuta ndogo na spika mbili, na nakala tatu: bubu, yenye muziki kwenye diski, na ya BIN na CUE. Hii ya mwisho bado inagoma katika njia ya sita, ambako sahani ina mkwaruzo mrefu. Yaya amesema nisiirekebishe kwa kuazima wimbo huo kutoka nakala ya mtu mwingine mpaka kwanza darasa lisikie inavyokwama.