Upepo Uliosimama Wima

Ukikutana usiku na pikapu iliyozidiwa nyuma, taa zake zitakupa habari kabla hujaiona yenyewe. Mkia umelala, pua imeinuka, na mwanga uliopaswa kumulika lami unakupiga wewe machoni. Aliye ndani naye hana raha. Usukani umekuwa mwepesi mno kwa kuwa matairi ya mbele hayaikanyagi tena barabara sawasawa, na kila shimo linaibamiza ekseli kwenye chasisi kwa kishindo kinachopanda hadi kwenye uti wa mgongo.

Dawa yetu ya miaka mingi ni kuongeza jani la springi. Kila mji una fundi wake wa springi, na simdharau hata kidogo: pikapu za miraa zinazotoka Maua na zile za viazi zinazotoka Njombe zinautegemea mkono wake. Ila chuma ni kikaidi. Jani lililofungwa kwa ajili ya tani moja linabaki na ugumu wa tani moja hata siku unapompeleka mama kliniki. Gari likiwa tupu linarukaruka kwenye matuta, tairi la nyuma linaachana na ardhi kwenye kona yenye kokoto, na hapo ndipo mkia unapoteleza na gari kupinduka.

Kwa hiyo nataka kuisifu kazi nyingine, ambayo wengi wetu tunaijua kwa mabasi na malori tu: kufunga mifuko ya upepo kati ya ekseli ya nyuma na chasisi ya pikapu (si ile mifuko inayofumuka kwenye usukani wakati wa ajali), kisha kuisimamisha ikasimama. Nasema kusimama kwa maana yake kamili. Kuinunua ni suala la fedha, kuifunga ni suala la spana. Kuinyoosha ndiko kunakotaka fundi.

Wamarekani wameihangaikia kazi hii kwa muda mrefu. Mwaka 1949 kampuni ya Air Lift ilianzishwa Lansing, Michigan, ikiuza mifuko ya kutumbukizwa ndani ya springi za koili ili gari lisilale nyuma. Mwaka 1953 General Motors ikaanza kutoa mabasi ya safari ndefu yanayoelea juu ya upepo, na abiria wakaonja utulivu ambao springi za chuma hazikuwahi kuwapa. Mwaka 1957 Cadillac ikauleta upepo kwenye gari la kifahari, Eldorado Brougham. Gari hilo lilikuwa zuri, lakini upepo ulivuja, na wenye magari wengi wakaing'oa mifuko na kurudisha koili za chuma. Tangu wakati huo ilikuwa wazi kwamba hewa yenyewe haina kasoro. Kila kitu kinategemea jinsi ilivyofungiwa na mahali ilipowekwa.

Na hewa ni mbebaji hodari. Mwaka 1662 Robert Boyle alichapisha kanuni ambayo wanafunzi wa sekondari bado wanaikariri: hewa ikibanwa mpaka nusu ya nafasi yake, huku joto likibaki lilelile, msukumo wake unakuwa maradufu. Chini ya pikapu kanuni hiyo inafanya kazi kila tairi linapoingia shimoni. Mfuko unapobanwa unazidi kuwa mgumu wenyewe, kisha unapoachiwa unalainika. Chukua mfuko wenye eneo la kusukuma la sentimita za mraba 120, uujaze upepo wa kilo 4 kwa kila sentimita ya mraba, kiasi ambacho kompresa ya fundi wa matairi inakitoa bila taabu. Mfuko mmoja utasukuma juu kwa nguvu ya kilo 480. Miwili inakaribia tani nzima, na springi za chuma bado zipo pembeni zikibeba sehemu yake. Jioni ukishashusha mzigo, unabonyeza valvu, upepo unatoka, na gari linarudia ulaini wake. Jani la springi halikupi hiari hiyo.

Fundi ninayemsifu hushika futi kabla ya kushika spana. Analiweka gari mahali palipo sawa, likiwa tupu, anapima kutoka katikati ya tairi la nyuma hadi ukingo wa bodi juu yake, kulia na kushoto, na kuandika vipimo kwa chaki kwenye chasisi. Pande mbili zikitofautiana, anajua tayari kuna springi iliyochoka, na anamwambia mwenye gari palepale. Nampenda fundi kwa hilo tu, hata kabla hajalala chini ya gari. Upepo unaweza kulificha jani lililovunjika kwa miezi, na fundi asiye na haya angelificha kwa furaha.

Kisha jeki, stendi za chuma, na jeki ya pili chini ya ekseli ili isining'inie hovyo. Kwenye pikapu nyingi mfuko unakaa palepale palipokuwa na mpira wa kugongea, ule unaozuia ekseli isigonge chasisi. Mpira unatolewa, bamba la juu linafungwa kwenye chasisi, bamba la chini linashikwa kwenye ekseli kwa yu-bolti. Ukiitazama kwa haraka, utadhani ni kazi ya nusu saa. Lakini juu ya ekseli hiyo limelala bomba jembamba la breki, na kwenye magari ya karibuni kuna waya wa ABS pia. Yu-bolti ikilibana bomba hilo, gari litatoka gereji likiwa limenyanyuka vizuri na halina breki za nyuma. Upande mmoja kuna ekzosi, ambayo joto lake hukausha mpira mpaka unapasuka nyufa. Hapo panahitaji bati la kukinga, na anayeliacha kwenye boksi kwa kuwa linachelewesha kazi amemuuzia mteja mfuko mmoja na nusu.

Sasa bolti zote zimeingia lakini hazijakazwa. Hapa wafungaji na mafundi wanaachana njia.

Mfungaji anakaza na kushusha gari. Fundi anaweka upepo kidogo tu, kama pauni 10 kwenye geji, kiasi cha kuufanya mpira ujae umbo lake, halafu anashusha gari likanyage ardhi kwa matairi yake. Mfuko sasa unasema. Ukiwa umeegemea upande, mikunjo yake inajaa upande mmoja na kubanana upande mwingine. Anautazama kutoka nyuma, anautazama kutoka ubavuni, anashusha timazi kutoka bamba la juu aone linaangukia wapi kwenye bamba la chini. Anasogeza kidogo, anatazama tena. Dakika hizi haziongezi chochote kwenye ankara. Zote zinatoka mfukoni mwake.

Anajua vilevile kwamba wima wa gari tupu sio wima wa gari lenye mzigo. Springi ya majani imefungwa mbele mahali pamoja, na nyuma imeshikwa na kiungo kinachobembea. Ikilemewa inanyooka, ikinyooka inarefuka, na ekseli inasogea nyuma kidogo. Mfuko ulionyooka kabisa gari likiwa tupu utaegemea gari likipakiwa. Ndiyo sababu fundi mzuri anauliza swali linalowashangaza wateja: unabeba nini, na mara ngapi? Anayebeba saruji kila siku na anayevuta boti mara moja kwa mwezi hawawekewi mabamba mahali pamoja. Anatafuta wima wa katikati ya safari yote ya mfuko, ili kuegemea kwake kuwe kudogo huku na kudogo kule. Mwisho anapandisha tairi moja juu ya gogo, anajaza upepo wa kutosha, na kupitisha kidole kuuzunguka mfuko mzima. Ukilemewa mfuko unatanuka, kwa hiyo lazima nafasi ibaki kati yake na tairi, chasisi, bomba, na kila kilicho jirani. Penye kugusana leo patakuwa na tundu kesho.

Mpira ukifungwa mshazari haulalamiki siku ya kwanza. Unasuguana na ukunjo wake mwenyewe, tabaka la juu linalika, nyuzi zinachungulia, na mwisho unapasuka siku ambayo mzigo ni mzito kuliko siku zote, kwa sababu siku hiyo ndiyo unabanwa zaidi. Wakati huo aliyeufunga keshasahau namba ya gari.

Mirija ya upepo nayo ina adabu yake. Ni ya nailoni, myembamba, na inakatwa kwa wembe mkali uliosimama sawa, kamwe si kwa koleo, kwa sababu ncha iliyobanwa haizibi. Haipiti karibu na ekzosi na haivutwi ikakaza, maana ekseli inapanda na kushuka nayo inapaswa kuifuata. Povu la sabuni linapakwa kila kiungo. Kisha gari linalazwa usiku na geji inasomwa asubuhi, na mwenye haraka anatakiwa asubiri.

Wapo wanaounganisha mifuko miwili kwa kiungo cha tii ili valvu iwe moja. Nawasihi waache. Gari likiingia kona mzigo unaelemea upande wa nje, mfuko wa upande huo unabanwa, na upepo wake unakimbilia mfuko wa pili ambao haukuwa na shida. Ni kama wachukuzi wa machela ambao mmoja wao anapiga magoti wakati mwenzake anainuka: mgonjwa anateremka. Kila mfuko uwe na mrija wake na valvu yake, hata kama kujaza kutachukua dakika mbili zaidi. Faida ya pili ni kwamba mzigo uliokaa upande mmoja, tenki la maji kwa mfano, unaweza kusawazishwa kwa kuuongezea upepo upande wake peke yake.

Lakini jambo ambalo kwangu ndilo kipimo cha fundi limejificha juu ya ekseli, na wenye magari wengi hawajawahi kuliona. Pikapu nyingi za Kijapani, hasa za miaka ya nyuma, zina valvu ya breki iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo nyembamba. Gari likilala nyuma, fimbo inaiarifu valvu kwamba kuna mzigo, nayo inaruhusu nguvu zaidi ya breki iende kwenye matairi ya nyuma. Gari likiinuka, inapunguza, ili matairi mepesi yasijifunge na kuteleza. Ni ubunifu mzuri, usiotumia umeme wala kompyuta. Sasa mifuko ya upepo inaliinua gari lililopakiwa mpaka kimo cha gari tupu. Fimbo inapima kimo, haipimi uzito. Inaiambia valvu kwamba mzigo umeshuka, na valvu inapunguza breki za nyuma wakati ule ule ambapo tani nzima imezikalia. Fundi anayelijua hili anairekebisha fimbo ile kwa vipimo vya gari husika, halafu anakwenda kujaribu breki na mzigo ukiwa nyuma. Asiyelijua anakabidhi gari lenye mkao mzuri ambalo limepoteza sehemu ya breki zake. Ukitaka kujua uko mikononi mwa nani, muulize habari ya fimbo hiyo kabla hujatoa hata shilingi ya malipo ya awali.

Watengenezaji wenyewe wa mifuko hii wanaandika wazi kwamba haiongezi uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba. Kikomo kilichoandikwa kwenye kibati cha gari kinabaki pale pale, kwa sababu breki, matairi, beringi, ekseli na chasisi ni vilevile. Upepo unanyanyua bodi, hauuondoi uzito. Hata ule mzigo uliowekwa nyuma kabisa ya ekseli, unaoichota pua ya gari juu, bado unaichota. Gari limekaa sawa kwa macho, ila matairi ya mbele hayajarudishiwa uzito wao wote.

Chasisi nayo inadai haki yake. Springi ya majani inaukabidhi mzigo kwa chasisi mahali pawili, mbele na nyuma ya ekseli. Mfuko unaukabidhi mahali pamoja, juu ya ekseli. Ukiujaza upepo mwingi na kulipakia gari kupita kikomo, kisha ukalikimbiza kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, kila pigo linagonga pale pale. Huko Australia, ambako watu husafiri jangwani na pikapu zilizosheheni, chasisi zilizopinda nyuma ya kabini si habari ngeni. Kwa hiyo fundi wangu anajaza upepo mpaka gari lirudie karibu na kile kimo alichokiandika kwa chaki, anasimama hapo, na hakubali kuombwa zaidi. Nimewasikia wateja wakimwambia aongeze kidogo, gari liinuke livutie. Anakataa kwa upole, na baadhi yao wanakwenda kwingine.

Kukataa huko nakuhesabu ndani ya kazi yenyewe, sawa na timazi na povu la sabuni. Mkono unaonyoosha mfuko na ulimi unaomwambia mteja ukweli ni vya mtu mmoja, na sijapata kuona kimoja kikifanya kazi vizuri bila kingine.

Wewe uliyekwisha kufungiwa mifuko, usiiache bila upepo hata gari likiwa tupu. Bakisha angalau pauni 5, kwa maana mpira mtupu unajikunja na kujisaga. Soma geji kila wiki, na kabla ya kila safari ndefu inama uitazame kama bado imesimama. Na ukimpata fundi anayepima kabla ya kufungua, anayeuliza unabeba nini, na anayekugusia fimbo ya breki bila kuulizwa, mlipe anachotaka na umpeleke kijana wako akajifunze kwake.