Utando wa Kirusi cha Newala

Ukisimama Shimo la Mungu pale Newala, bonde la Ruvuma lote linalala chini yako, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Mto uko machoni, lakini juu ya uwanda wa Makonde maji ni shida. Udongo wa kichanga unakunywa mvua yote, na kwa vizazi vingi wanawake waliteremka mabondeni kuyafuata na kupanda nayo kichwani. Maji yaliyopatikana kwa jasho la namna hiyo hayamwagwi ovyo. Yanawekwa mtungini, yanatumiwa kidogo kidogo, yanakaa.

Chungulia ndani ya mtungi usiofunikwa. Viluwiluwi vinaning'inia kichwa chini, ncha ya mkia ikigusa uso wa maji ili kuvuta hewa. Ukiutikisa tu, vinajipindapinda kukimbilia chini. Juu kidogo ya usawa wa maji, ukutani mwa mtungi, kuna vidoa vyeusi vidogo sana. Hayo ni mayai ya Aedes aegypti, mbu mweusi mwenye pingili nyeupe miguuni, anayeuma mchana. Mayai hayo yanaweza kukauka miezi kadhaa, kisha maji yakiyafikia yanaanguliwa.

Katika nyumba zenye mitungi kama hiyo, mwaka 1952 hadi 1953, ilizuka homa ya ghafla yenye maumivu makali ya viungo. Watu walikunjika, na jina la Kimakonde waliloipa homa hiyo likaenea dunia nzima: chikungunya. Marion Robinson, daktari, na W. H. R. Lumsden, mtafiti wa magonjwa yaenezwayo na wadudu, waliandika habari zake mwaka 1955. Robinson aliona jinsi dalili zilivyofanana na za dengi. Lumsden alifuata nyayo za mbu hadi majumbani.

Kazi iliyofuata ilifanyika Entebbe, katika taasisi ya utafiti wa virusi ya Afrika Mashariki. R. W. Ross alichukua majimaji ya damu ya wagonjwa wa Newala na kuyadunga kwenye ubongo wa vitoto vya panya. Vikiugua, ubongo unasagwa, unachujwa, unadungwa kwa vitoto vingine, na hivyo hivyo, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka mtafiti awe na hakika kwamba anachokipitisha kutoka panya hadi panya ni kitu kimoja na si takataka za njiani. Mwaka 1953 Ross alikuwa nacho mkononi. Alikijua kwa athari zake, na kwa subira ya kurudia jambo lile lile bila kuchoka wala kukisia.

Kwamba kirusi hiki kina utando wa mafuta, hilo nalo lilijulikana kwa namna ile ile ya kupapasa gizani. Watafiti Andrewes na Horstmann walikuwa wameonyesha mwaka 1949 kwamba etha, ambayo huyeyusha mafuta, inaua baadhi ya virusi na kuviacha vingine. Mwaka 1957 Max Theiler alitumia chumvi ya nyongo kuvipima virusi vinavyoenezwa na wadudu. Nyongo kazi yake tumboni ni kuvunja mafuta. Kirusi kikifa kwa nyongo, basi kimevikwa mafuta. Jibu la kuaminika limetoka kwenye chupa na panya, bila picha hata moja.

Leo tunajua kilivyo. Upana wake ni nanomita 70 hivi. Vipange mstari elfu kumi na nne ndipo upate milimita moja. Ndani kabisa kuna uzi wa RNA wenye herufi takriban 11,800, umefungwa ndani ya gamba la protini. Juu ya gamba hilo ndipo ulipo utando, na mafuta yake si ya kirusi. Ni ya mgonjwa. Kirusi kinapotoka kwenye seli kinajisukuma dhidi ya ngozi ya nje ya seli hiyo, kinaivuta, kinajifunika nayo, kisha kinakatika na kwenda zake. Cha kwake ni protini mbili zilizopenya kwenye mafuta hayo, E1 na E2, nakala 240 za kila moja, zimeshikana jozi jozi, jozi tatu zikifanya mwiba mmoja. Miiba 80, imepangwa kwa ulinganifu usiokosea.

E2 ndiyo inayotafuta mlango. Mwaka 2018 kikundi cha Michael Diamond cha St. Louis kilionyesha kwamba inajishika na protini ya seli iitwayo MXRA8. Lakini kushika si kuingia. Swali la jinsi uzi ule unavyovuka lilijibiwa kwa msaada wa jamaa yake wa karibu, kirusi cha Semliki, kilichopatikana mwaka 1942 kwa mbu wa msitu wa Semliki, magharibi mwa Uganda. Kwa kirusi hicho cha Afrika Mashariki, Ari Helenius na Kai Simons waliyafumbua mengi huko Ulaya.

Waliona seli yenyewe ikikimeza kirusi ndani ya kifuko kidogo, na kifuko kikizidi kuwa na asidi. Walipotia klorokwini, ile dawa chungu ya malaria ambayo watu wazima wengi wanaikumbuka, asidi ilipungua na kirusi kikakwama kifukoni. Kisha likaja jaribio ambalo kwangu halina mfano: mwaka 1980 Helenius na wenzake waliacha virusi vikiwa nje, vimeshikilia ngozi ya seli, wakayatia asidi maji yaliyovizunguka kwa muda mfupi tu. Utando wa kirusi ukaungana na wa seli pale pale, bila kumezwa. Ukizuia asidi, mlango haufunguki. Ukiileta mahali pasipo pake, mlango unafunguka mahali pasipo pake. Huo ni ushahidi usioacha mwanya. (Klorokwini ilijaribiwa kwa wagonjwa wa chikungunya huko Réunion mwaka 2006 na haikuwafaa. Kuelewa mlango ni jambo moja, kumponya mtu ni jingine.)

Mwaka 2010 kikundi cha Félix Rey, Taasisi ya Pasteur, Paris, kilichora umbo la E1 na E2 kwa miale ya eksirei, na hapo ustadi wote ukaonekana. Ni mtego: mti mbichi uliopindwa ukafungwa kamba, unaozuiwa na kijiti kimoja. E1 ndiyo mti uliopindwa. Nchani ina kitanzi kinachopenda mafuta, na E2 imekifunika kitanzi hicho kisiguse kitu. Asidi ikipanda, E2 inaachia. E1 tatu zinakusanyika, vitanzi vinachoma utando wa seli, kisha zinajikunja kurudi nyuma na kuvuta tando mbili hadi zinakuwa moja. Tundu linafunguka, uzi unapita.

Kuna ugumu mmoja. Miiba hiyo inapotengenezwa ndani ya seli iliyoambukizwa, njia yake ya kutokea nje nayo ina asidi kidogo. Mtego ungefyatuka bure kabla ya safari. Kinachouzuia ni kipande cha tatu, E3, ambacho mwanzoni kimeungana na E2 na kuikaza. Kimeng'enya cha seli hukata kiungo hicho njiani, na kipande kikiachia, mwiba uko tayari. Kila nikilifikiria hili napata heshima mpya kwa waliokaa miaka wakitenganisha hatua moja na nyingine.

Utando wa kirusi hiki unabadilika, tena kwa kidogo sana. Mwaka 2004 chikungunya ilizuka Lamu wakati wa ukame, watu wakiwa wamehifadhi maji majumbani, kama Newala. Ikaenda Mombasa, mwaka uliofuata Komoro, kisha Réunion, ambako karibu theluthi moja ya wakazi waliugua. Hapo, katika nafasi ya 226 ya E1, asidi amino moja ilibadilika, alanini ikawa valini, na kirusi kikamzoea vizuri zaidi mbu mwingine, Aedes albopictus, aliyejaa kisiwani. Margaret Kielian na wenzake wa New York walikuwa wameishughulikia nafasi hiyo hiyo ya 226 kwenye kirusi cha Semliki mwaka 1998, wakaona kwamba ndiyo inayotawala kiasi gani utando unahitaji kolesteroli ili uungane. Walikuwa wakiuliza swali la maabara tu. Miaka minane baadaye, mamia ya maelfu wakiwa kitandani, watafiti waliochunguza mlipuko wa Réunion walijua pa kutazama.

Chanjo moja iliyoidhinishwa Marekani Februari 2025 imetokana na ujuzi huu. Seli za binadamu zilizokuzwa maabara hupewa maagizo ya kujenga gamba na miiba peke yake, kwa mfano wa kirusi kilichopatikana Senegali. Protini zinajipanga zenyewe, zinachukua mafuta ya seli, zinatoka zikiwa tufe lenye miiba 80, na ndani hamna uzi wa kuzaliana. Mwili ukiliona unatengeneza kingamwili za kuing'ang'ania E2. Kirusi halisi kikija, mwiba wake unajikuta umeshikwa: baadhi ya kingamwili hizo zinaizuia E2 isiguse seli, na nyingine zinaibana kwenye E1 ili, hata kifuko kikijaa asidi, kijiti kisiachie.