Mkeka wa Wiki Saba

Mkeka uliotandikwa sebuleni kwangu, hapa Pangani, una urefu wa sentimita 180 na upana wa sentimita 120. Ni mkeka wa kili 20, yaani mikanda iliyosukwa kisha ikaunganishwa kwa kushonwa, kila ukili upana wa sentimita 6. Niliutengeneza kwa siku 49 nikiuguza kiuno, kilichonishika siku nilipoinua ndoo ya maji huku nimejipinda. Nauchambua hapa hatua kwa hatua kwa sababu ndani yake mna jibu la swali la kila mwenye mgongo unaouma asiyeweza kukaa bure: nifanye kazi gani ya mikono nisijiumize tena?

Wengi watakwambia, fanya kazi nyepesi. Jibu hilo halitoshi. Sindano ya kudarizi kofia haina uzito wowote, lakini anayeiinamia kofia saa tatu mfululizo huinuka ameshika kiuno. Kipimo ninachokiamini ni kingine: je, kazi hiyo inakusubiri, au inakulazimisha? Kupiga lipu ukuta mmoja wa chumba kunalazimisha. Ukishachanganya saruji na maji, mchanganyiko huanza kukaza, nawe huna budi kuumaliza hata kama mgongo unakusihi uache. Ukili husubiri. Unaweza kuuweka chini katikati ya chane, ule uzi mwembamba wa jani unaosukwa, ukaenda kutembea uani, ukarudi ukaukuta pale pale ulipouacha.

Kusubiriwa huko kuna maana kubwa mwilini. Diski zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo wa mtu mzima karibu hazina mishipa ya damu. Hulishwa na majimaji yanayopenya taratibu, na mwendo wa mwili huyasaidia kupenya. Mtu akiinama kwa muda mrefu, kano za nyuma ya mgongo huvutika kidogo kidogo, na zinapovutika huchelewa kurudi zilivyokuwa. Usiku diski hunyonya maji na kutuna. Ndiyo maana asubuhi tunakuwa warefu kidogo kuliko jioni, na ndiyo maana mgongo unaouguzwa haupendi kuinamishwa sana mara tu baada ya kuamka.

Kabla ya kushika chane hata moja nilikwenda kwa daktari, na nakusihi nawe uanzie huko. Ganzi katikati ya mapaja, kushindwa kuzuia haja, mguu unaolegea, homa, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka vibaya, hayo si mambo ya kusukia mkeka. Ni ya kukimbilia hospitali. Mimi sikuwa na dalili hizo. Nikaambiwa nitembee, nifanye mazoezi niliyoonyeshwa, na nisijilaze kutwa.

Sasa kazi yenyewe. Ukindu ni makuti machanga ya mkindu, mti unaopenda mabonde na kingo za mito. Huanikwa juani, huchanwa kuwa chane nyembamba, na chane zinazotakiwa rangi huchemshwa. Hatua hiyo ya rangi niliiruka kwa makusudi. Sufuria kubwa ya maji ya moto huinuliwa ikiwa mbali na kifua, na kadiri mzigo unavyokuwa mbali na mwili ndivyo kiuno kinavyolipa zaidi. Nikanunua ukindu uliokwisha kutiwa rangi. Chane kavu huvunjika, kwa hiyo lazima zilainishwe kwa maji, ila zikikaa na unyevu siku nyingi huota ukungu. Nilikuwa naviringisha chane za zamu moja tu kwenye kitambaa kibichi, na kitambaa hicho kikawa saa yangu: chane zikiisha, zamu imeisha.

Mkao wa asili wa msusi ni kukaa chini, miguu imenyooshwa, kazi iko mapajani. Kwa mgongo mzima ni mkao mzuri. Kwa mgongo wangu wa siku zile ulikuwa mgumu kuliko yote, kwa sababu miguu ikinyooka misuli ya nyuma ya mapaja huivuta nyonga na kiuno hupinda. Bibi jirani, aliyesuka tangu utotoni, aliniona ninavyohangaika mkekani akaniambia, "Inuka, mwanangu. Ukili haujui kama umekaa au umesimama." Yeye mwenyewe huenda msibani na ukili mkononi, bunda lake kwapani, akisuka njia nzima.

Basi nikaigawa siku katika zamu sita za dakika 20. Mbili za kusimama dirishani, mbili za kutembea ukumbini, mbili za kukaa kitini na kanga iliyokunjwa nyuma ya kiuno. Zamu ya kwanza ya asubuhi ilikuwa ya kusimama daima. Kila zamu ilinipa takriban shibiri moja, sentimita 22. Kwa siku, shibiri sita. Kili 20 za sentimita 180 ni mita 36, na nilitaka ziada ya kukata ncha. Siku ya 30 nilipima mita 39 na nusu.

Siku ya tisa niliharibu. Niliamka mwepesi, maumivu karibu yameisha, nikakaa kitini saa mbili bila kuinuka ili nijiongezee shibiri. Kesho yake sikuweza kuvaa viatu. Nilipoteza siku tatu za kusuka, na ilinichukua wiki mbili kuzifidia kwa zamu fupi za nyongeza. Hapo nikaelewa kwamba zamu hukatwa na saa. Mgongo unapopona hunyamaza kabla haujawa tayari, na anayengoja uchungu ndipo aache, amechelewa kuacha.

Kubadili mikao kulileta tatizo la kiufundi ambalo sikulitegemea. Ukili niliousuka nikitembea ulilegea. Niliousuka kitini ulikaza. Upana ukawa unacheza kati ya sentimita 5.8 na 6.3. Tofauti hiyo haionekani mkononi, lakini ukishona ukili uliolegea ubavuni mwa uliokaza, mmoja huvutwa na mwingine hujikunja mawimbi. Nilikata kijiti cha sentimita 6 nikapima kila ukili, kisha nikazipanga kwa makundi: zinazofanana upana zikae pamoja.

Kushona ndiyo hatua iliyonitia hofu. Kili 20 zina mishono 19 ya kuziunganisha, kila mshono sentimita 180, jumla zaidi ya mita 34. Tena mkeka ukikua huwa mpana, mzito, na mshonaji hulazimika kuuinamia sakafuni. Nilichofanya ni kuahirisha upana. Nilishona vipande vinne vya kili tano tano. Kila kipande kilikuwa na upana wa sentimita 30 tu, kikakaa juu ya meza iliyofika kwenye kiwiko changu nikiwa nimesimama. Hiyo ni mishono 16 bila kuinama hata mara moja, mshono mmoja kwa siku, nikiukata katikati kwa mapumziko. Mishono mitatu mizito ya kuunga vipande vinne nikaiacha mwisho kabisa, kiuno kilipokuwa na wiki sita na zaidi za kutembea na mazoezi. Mwanangu alikuwa ameshikilia upande wa pili, akiviringisha sehemu iliyokwisha ili isining'inie.

Sisemi mkeka uliniponya. Kilichoniponya ni muda, matembezi na mazoezi, na maumivu mengi ya mgongo ya aina yangu hupungua ndani ya wiki kadhaa. Ila wiki hizo ni ndefu kwa aliyezoea kushughulika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 619 waliishi na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Naamini wengi wao hurudi kitandani kwa woga, au hurudi kwenye ndoo kwa kuona aibu ya kukaa bure. Kazi inayosubiri iko katikati ya makosa hayo mawili: inakupa sababu ya kuinuka, na haikukasirikii ukiiacha.

Mkeka wangu una upande uliopishana na mwingine kwa sentimita mbili. Ni kipande cha pili, ambacho ndani yake mna ukili wa siku ya tisa, umekaza kuliko wenzake wote. Bibi jirani aliupapasa akausimamisha mkono papo hapo. "Hapa ulikuwa na haraka," akasema. Nikamjibu ni kweli, na nikamwonyesha kili zilizofuata.