Kuchuma na Kushukuru: Utubora Mkulima katika Nchi ya Chai ya Kericho na Bomet

Utangulizi

Utubora Mkulima, riwaya ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya kufa kwa mwandishi wake, ni kitabu kinachosifiwa na kulaumiwa kwa sababu moja. Kisa chake si kirefu. Mtu mwenye kazi ya mshahara mzuri anaiacha kwa hiari yake, anarudi shamba, anashika jembe, na huko anapata furaha ambayo mshahara haukuweza kumpa. Jina lake tayari ni hukumu, kama yalivyo majina ya Karama katika Kusadikika na Adili katika Adili na Nduguze: msomaji anaambiwa tangu ukurasa wa kwanza kwamba huyu ndiye mwenye utu bora. Wanaoisifu riwaya hii husema kwamba inamfundisha mtu kuridhika na kuiheshimu kazi ya mikono. Wanaoilaumu, hasa wale waliozoea kuitazama fasihi kwa jicho la matabaka, husema kwamba kuridhika huko ni usingizi, na kwamba Utubora ameukimbia mgogoro badala ya kuukabili.

Makala haya yanakusudia kuirudia hoja hiyo kwa kuitoa riwaya maktabani na kuipeleka mahali ambapo jambo lake kuu, yaani furaha na shukrani katika kazi ya mikono, hupimwa kwa mizani kila siku. Mahali penyewe ni nchi ya chai ya Kericho na Bomet. Swali ni hili: je, furaha ya Utubora yaweza kuwa furaha ya mchuma chai? Na ikiwa haiwezi, upungufu ni wa riwaya, wa mchumaji, au wa shamba lenyewe?

Neno “kuchuma” na methali yake

Inafaa kuanza na lugha. Katika Kiswahili kuchuma ni kulitwaa jani au tunda kutoka katika mti wake. Tena kuchuma ni kupata faida au mali. Kutokana na kitenzi hicho limepatikana neno “uchumi”, ambalo leo hutumika kwa mambo makubwa ya serikali na mabenki. Basi elimu nzima ya mali katika lugha hii imejengwa juu ya tendo la vidole. Methali nayo husema: mchumia juani hulia kivulini. Aghalabu methali hii hutolewa kwa vijana ili kuwahimiza wavumilie taabu, maana raha iko mbele.

Lakini ikitazamwa vizuri, methali hii ina sharti ambalo haikulitamka. Inadhani kwamba anayechuma na anayekula ni mtu mmoja. Nafsi haibadiliki, kinachobadilika ni mahali tu, kutoka juani hadi kivulini. Tena kiambishi “hu-” kinalifanya jambo kuwa la desturi, kana kwamba halina shaka hata kidogo. Katika nchi ya chai sharti hilo ndilo lenye mashaka. Mchumaji huingia shambani asubuhi umande ungali juu ya majani, amejifunga plastiki kiunoni asilowe, kikapu kikiwa mgongoni. Huchuma majani mawili na chipukizi lake, hutupa nyuma ya bega, huendelea na mstari, kisha hupeleka mzigo kwa karani wa mizani. Kilo nne na zaidi za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai kavu. Chai hiyo huteremka hadi Mombasa, ambako mnada wa chai umefanywa tangu ulipohamishwa kutoka Nairobi mwaka 1969, na kutoka huko huvuka bahari. Kivuli kinachosemwa na methali chaweza kuwa mbali sana na jua lililochumiwa.

Misingi ya furaha ya Utubora

Furaha ya Utubora haikushuka kutoka mbinguni, ingawa mwandishi wakati mwingine huisimulia kana kwamba ndivyo. Inasimama juu ya misingi mitatu ambayo riwaya inayo lakini haijishughulishi nayo. Wa kwanza ni hiari: Utubora aliacha kazi nyingine iliyompa riziki, wala hakusukumwa na njaa. Wa pili ni mamlaka juu ya kazi: hana nyapara, na saa ya kuanza na ya kupumzika ni yake. Wa tatu ni ukamilifu wa kazi: anaiona mbegu ikipandwa, ikichipua na kuvunwa, na mavuno yanarudi katika mikono iliyolima. Mtu mwenye vitu hivi vitatu akishukuru, shukrani yake ni ya haki. Lakini mwandishi ameiweka shukrani mbele na kuiacha misingi nyuma, hata msomaji asiyeangalia hudhani kwamba tabia njema peke yake ndiyo iliyomfurahisha Utubora.

Ardhi katika riwaya hii ni jukwaa la tabia kuliko kuwa suala la historia. Kericho haiwezi kusomwa hivyo. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kupanda chai huko kwa biashara kubwa katika miaka ya 1920, juu ya ardhi ambayo Wakipsigis walikuwa wakilisha na kulima. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha walaibon wa ukoo wa Talai, nao wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, mbali na watu wao. Wafanyakazi wa mashamba walikuja kutoka pande nyingi, wengi wao kutoka kwa Wagusii, Wajaluo na Waluhya, wakakaa katika nyumba za kambi na kulipwa kwa kadiri ya walichochuma. Kumwambia mtu wa kambi ashukuru kama Utubora, bila ya kumpa hata msingi mmoja katika ile mitatu, ni kumtaka avune shamba ambalo halikupandwa.

Kuli na furaha iliyoahirishwa

Je, basi, jibu liko upande wa pili? Riwaya ya Adam Shafi Adam, Kuli (1979), yaweza kuwekwa mkabala na Utubora Mkulima kwa faida. Rashidi, mtoto wa kuli wa bandari ya Unguja, anaingia katika kazi ile ile iliyomchosha baba yake, na polepole anafahamu kwamba taabu yake si bahati mbaya ya nyumba moja. Mgomo wa mwaka 1948, ambao ni tukio la kweli la historia ya Unguja, ndio unaoipa riwaya kilele chake. Hapa shukrani kwa mwajiri inafichuliwa kuwa pazia. Heshima ya mfanyakazi inapatikana pale anaposimama pamoja na wenzake.

Huu ni ukweli ambao Shaaban Robert hakuuandika katika Utubora, na hapana budi usemwe. Hata hivyo Kuli nayo ina upungufu wake. Furaha inayohesabiwa hasa ni ile ya mapambano. Raha ndogo za siku, kama vile mzaha wa wenzi kazini, ustadi wa mkono uliozoea, au kikombe cha chai ya moto baada ya mvua ya mawe ambayo Kericho inaijua sana, huelekea kuonekana kama mambo ya kando yanayongoja ufahamu ukomae. Maisha ya mchumaji hayawezi kungoja hivyo. Yeye huishi leo, na leo hiyo ina kicheko ndani yake. Mhakiki anayemnyima mfanyakazi furaha yake ili kuithibitisha nadharia anamtendea jambo lisilokuwa mbali na la mwajiri: wote wawili wanamhesabu kwa kilo tu.

Maana ya “kongoi”

Wakipsigis wana neno “kongoi”, ambalo ni ahsante yao. Husikika njiani, sokoni na nyumbani, na aghalabu huongezwa “mising”, yaani sana. Ili kuelewa uzito wake yafaa kukumbuka “kokwet”, yaani ujirani wenye baraza lake, ambamo kazi nzito za mtu mmoja zilifanywa na wengi. Aliyesaidiwa leo kujenga au kupalilia aliwalisha waliokuja, akawashukuru, na kesho akaenda kwao. Katika mpango huo shukrani huzunguka. Anayeshukuru na anayeshukuriwa waweza kubadilishana nafasi, na kwa sababu waweza kubadilishana, hakuna anayedhalilika kwa kusema ahsante.

Hiki ndicho kipimo ambacho mjadala juu ya Utubora Mkulima umekikosa. Shukrani ni njema inapoweza kurudi. Shukrani isiyoweza kurudi, inayopanda siku zote kutoka kwa mchumaji hadi kwa mwenye shamba wala haishuki kamwe, imebadilika ikawa unyenyekevu tu, na hapo wahakiki wanayo haki ya kuitilia shaka. Kwa kipimo hicho hicho, furaha ya wachumaji wanaosaidiana katika mstari, mmoja akimngoja mwenzake aliyechoka ili waende pamoja kwenye mizani, ni furaha ya kweli. Ni mali yao wenyewe, wala mwajiri hana haki ya kuitia katika hesabu ya wema wake.

Mkulima mdogo: shukrani na hesabu

Aliye karibu zaidi na Utubora katika nchi hii ni mkulima mdogo. Bomet, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Kericho hadi mwaka 1992, ina wakulima wengi wa namna hiyo, na hata Kericho yenyewe, upande wa Litein na Kapkatet, inao. Shirika la KTDA liliundwa mwaka 1964 ili kuwahudumia wakulima hao, na mwaka 2000 likageuzwa kuwa kampuni yao. Mkulima huchuma kichaka alichokipanda yeye au baba yake, hupeleka majani kwenye kituo cha kununulia, hulipwa kila mwezi kwa kilo, kisha hungoja bonasi ya mwisho wa mwaka wa chai. Ada ya shule na bati la nyumba hutegemea bonasi hiyo. Mtu huyu ana hiari, ana ardhi, na anaiona kazi yake ikikua. Akisimama jioni akatazama kilima chake kilichokatwa sawasawa kama zulia, furaha yake Utubora angeitambua mara moja.

Lakini hata yeye anajua jambo moja ambalo Utubora hakulazimika kulijua. Mwaka 2025 wakulima wa Kericho na Bomet walilalamika kwa sauti kubwa kwamba bonasi yao imekuwa chini sana kuliko ya wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa. Watu hao hao humshukuru Mungu kwa mvua. Hakuna mgongano hapo. Mvua hushukuriwa, kiwanda huulizwa hesabu. Anayechanganya mambo haya mawili, akamwita mwenye kuuliza hesabu mtovu wa shukrani, ameitumia dini ya mtu kufunika daftari. Shaaban Robert, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, hakukosa kuzijua hesabu hizo. Katika Utubora aliamua kutoziandika.

Mashine na neno “kukinai”

Mwezi Mei mwaka 2023 mashine za kuchumia chai zilichomwa moto katika mashamba makubwa ya Kericho. Tukio hilo linazijaribu riwaya zote mbili. Msomaji wa Utubora aliyezoea mahubiri atasema kwamba waliochoma hawakuridhika na hali zao. Msomaji wa Kuli atashangaa kidogo: kazi iliyolalamikiwa kwa vizazi, ilipoondolewa, ikaliliwa. Hakika mshahara ndio uliolilia kwanza, kwa kuwa mashine moja huchukua nafasi ya mikono mingi. Lakini pamoja na mshahara ulipotea mstari, wakapotea wenzi wa mstari, ukapotea na ujuzi wa vidole vinavyochagua pale chuma kinapokata tu.

Kiswahili kina neno linaloibeba hali hii. Kukinai ni kutosheka na kuridhika. Tena kukinai ni kuchoshwa na kitu hata mtu asikitake. Mchuma chai aweza kukinai kwa maana zote mbili katika siku moja. Asubuhi ameridhika na wepesi wa mikono yake. Adhuhuri mgongo umemchosha na mizani imemwudhi. Utubora anakinai kwa maana ya kwanza peke yake, na hapo ndipo fani ya riwaya inapopungua. Sentensi zake zimepimwa na semi zake zinang’aa, lakini mhusika huhutubu zaidi kuliko anavyolima. Jembe linasifiwa, malengelenge hayasemwi. Mkono wa mchumaji, uliotiwa weusi na utomvu wa majani, ungeitia lugha hiyo tamu kasoro ambayo ingeifanya iaminike.

Hitimisho

Kosa la Utubora Mkulima si kwamba inasifu furaha ya kazi, kwa maana furaha hiyo ipo, na Kericho na Bomet ni mashahidi. Kosa lake ni kuitaja furaha bila ya kuitaja misingi yake, na hivyo kumwachia kila mwenye shamba nafasi ya kuidai shukrani asiyoilipia. Mwalimu wa fasihi katika shule zilizozungukwa na chai hana haja ya kuiondoa riwaya hii mikononi mwa wanafunzi wake, ambao wengi wao huchuma kabla ya kuja darasani au baada ya kutoka. Yamfaa aisome pamoja na Kuli, kisha awaulize wanafunzi maswali mawili. Nani anachuma juani? Nani anakula kivulini? Pale majibu mawili yatakapokuwa jina moja, methali itakuwa imesema kweli, na “kongoi” itatoka kinywani bila ya kuombwa.