Kifauwongo na Suala la Hisia za Mimea

Upo mmea mdogo wenye miiba, utambaao kando ya njia, ambao ukiguswa hukunja majani yake papo hapo ukawa kama ulionyauka. Waswahili huuita kifauwongo. Jina hili ni uhakiki kamili kwa neno moja: aliyeubuni aliutazama mmea, akaungoja, akauona ukifumbua majani yake baada ya dakika chache, ndipo akatoa hukumu kuwa kifo kile si kifo. Hata hivyo ameuongezea jambo moja ambalo macho hayakuliona, nalo ni nia ya kudanganya.

Hapo ndipo lilipo suala letu. Hutokea katika insha za wanafunzi, na hata katika mazungumzo ya walimu, dai kwamba wahenga wetu walijua zamani kuwa mimea ina hisia, na kwamba sayansi ya kigeni imekuja nyuma yao kuthibitisha. Dai hili lina ladha ya uzalendo, lakini naona linawapunja wahenga wale wale linaotaka kuwatukuza. Tena kifauwongo chenyewe asili yake ni Amerika. Kwetu ni mgeni, na jina lake haliwezi kuwa la kale na kale.

Uthibitisho unaotajwa mara nyingi hutoka katika kitabu cha Peter Tompkins na Christopher Bird, *The Secret Life of Plants*, kilichotolewa mwaka 1973. Humo msomaji husimuliwa habari za Cleve Backster, Mmarekani aliyekuwa mtaalamu wa mashine za kutambulia uwongo. Mwaka 1966 aliufunga mmea wa nyumbani kwenye mashine yake, akafikiria kuliunguza jani lake, na mara sindano ikaruka. Akakata shauri kuwa mmea umeisoma fikira yake. Baadaye akadai kuwa mimea hushtuka vijikamba vitumbukizwapo katika maji ya moto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walilirudia jaribio hilo kwa uangalifu zaidi, na mwaka 1975 wakatangaza kuwa hawakuona uhusiano wowote. Ni kitabu kitamu, sikatai, lakini utamu wake ni wa ngano.

Hii haina maana kwamba mmea ni kama jiwe. Chini ya kila jani la kifauwongo mna kivimbe. Mmea uguswapo, mkondo wa umeme hupita ndani yake, maji yakazitoka chembechembe za upande mmoja wa kivimbe, jani likainama. Jagadish Chandra Bose wa Calcutta, aliyefariki mwaka 1937, alitumia miaka mingi kuipima mikondo ya namna hiyo kwa vyombo alivyovitengeneza mwenyewe. Kabla yake, mwaka 1878, Mfaransa Claude Bernard alieleza jinsi mvuke wa etha unavyokizuia kifauwongo kujikunja. Upo na mmea ulao wadudu ambao haufumbi mtego wake mpaka uguswe mara mbili katika muda wa nukta ishirini hivi, kana kwamba unahesabu. Yote haya ni kweli. Lakini kuitika mguso si kuona uchungu, na mwaka 2019 wanabotania kadhaa, Lincoln Taiz akiwa miongoni mwao, waliandika kuwa mimea haina fahamu wala haiihitaji.

Basi wahenga walisema nini hasa? Tuisikilize lugha. Mkulima husema mche umekubali, ardhi imekataa, mnazi unazaa. Lakini hasemi mnazi *anazaa*. Ngeli imeuweka mti pamoja na mto, moto na mwezi, vitu viendavyo na kukua bila kuhesabiwa kuwa viumbe wenye nafsi. (Mjuzi ataniambia kuwa moyo nao umo katika ngeli hiyo. Kweli, umo.) Aendaye chini ya mbuyu na ubani na kitambaa chekundu huzungumza na mzimu unaoaminiwa kukaa pale, hauulizi mbuyu kama unaumwa. Na methali isemayo mti mkuu ukigwa wana wa ndege huyumba imeweka mashaka yote kwa ndege. Mti wenyewe umeanguka tu.

Kwa hiyo mwanafunzi akutanapo na mti unaolia katika shairi au hadithi, asikimbilie kusema kuwa mtunzi anaamini miti hulia. Aulize ni nani anayelizwa kwa kinywa cha mti, na kwa nini hakupewa kinywa chake mwenyewe. Atazame pia upatanisho wa kisarufi: je, msimulizi amesema mbuyu *ukajibu*, au mbuyu *akajibu*? Wapo wasimulizi wanaoanza na *u-* na, hadithi inapopamba moto, wakahamia *a-* bila kujua. Mahali hapo wanapohama ndipo panapostahili kusomwa tena darasani kwa sauti.