Bawa na Pindo

Mwaka 2003 wafasiri wa lugha kadhaa za Nyanda za Juu Kusini walianza kufanya kazi pamoja mjini Mbeya, chini ya shirika la SIL. Mradi wao ulihusu mikoa ya Mbeya na Iringa, wakati huo Njombe ikiwa bado ndani ya Iringa na Songwe ndani ya Mbeya. Kinyiha, Kisafwa, Kimalila, Kisangu, Kibena, Kikinga, Kivwanji: Biblia ilitakiwa kusemwa kwa kila moja ya lugha hizo. Ugumu na uzuri wa kazi hiyo naviona vizuri zaidi katika kitabu kifupi cha Ruthu.

Ruthu ina sura 4 na aya 85. Humo msimulizi anasema Mungu ametenda mara mbili tu: mwanzoni, anapowapa watu wake chakula baada ya njaa, na mwishoni, anapomjalia Ruthu mimba. Katikati hakuna malaika wala ndoto. Yupo Ruthu, mjane Mmoabi anayekataa kumwacha Naomi, mama mkwe wake. Yapo mashuke yanayoachwa makusudi ili ayaokote. Yupo Boazi, mwenye shamba na jamaa wa marehemu baba mkwe wa Ruthu, anayeshtuka usiku wa manane na kumkuta mwanamke miguuni pake. Makusudi ya Mungu yanapita katika mikono hiyo.

Fundi aliyeyasuka haya alitumia uzi wa neno moja. Shambani, Boazi anamwombea Ruthu thawabu kwa Mungu ambaye mjane huyo amekuja kujikinga chini ya mabawa yake. Neno la Kiebrania ni kanaf. Mavuno yakiisha, katika uwanja wa kupuria, Ruthu anamwomba Boazi atandaze kanaf yake juu yake. Sasa kanaf ni pindo la nguo, na ombi lenyewe ni la ndoa. Dua aliyoiomba Boazi imemrudia, naye ndiye anayetakiwa kuijibu.

Hapo mfasiri hubanwa. Ndege ana bawa, kanga ina pindo. Akiandika bawa na pindo, kila aya itaeleweka lakini uzi utakatika. Akiandika bawa kote, msikilizaji atajiuliza Boazi aliota mabawa lini. Njia moja ni kuuhamishia uzi kwenye kitenzi: kuku huwafunika vifaranga, na mtu humfunika mwenzake kwa nguo. Nomino zimeachana, kitendo kimebaki kimoja. Uamuzi wa namna hii huweza kula siku nzima, na matunda yake ni neno moja ambalo msomaji hatasimama kulitazama.

Lipo pia neno hesed, linalotokea mara 3 katika kitabu hiki. Ni wema wa mtu anayebaki wakati angeweza kuondoka bila kulaumiwa. Naomi analitumia kwa wakwe zake na kwa Bwana vilevile. Fadhili, rehema, uaminifu: kila neno hushika upande mmoja, na mfasiri lazima atafute lile ambalo kwao husemwa kwa mkwe mwema na kwa Mungu pia. Ukwe si jambo dogo katika Nyanda za Juu Kusini. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke alimwepuka baba mkwe wake hata njiani. Ukwe ulikuwa na mipaka mizito, na masikio yaliyolelewa humo husikia mara moja uzito wa usiku ule uwanjani.

Rasimu ikikamilika, mtu ambaye hakushiriki kuiandika huigeuza tena kwa Kiswahili, ili mshauri wa tafsiri aone kilichoponyoka. Kisha wenyeji husomewa, nao husimulia walichosikia na kuulizwa maswali. Swali ambalo ningependa kulisikia ni hili: nani alimfunika Ruthu? Mmoja akijibu Boazi na mwingine akajibu Mungu, bila kubishana, basi uzi umefika mzima.